Barua kwa mwanangu: Wewe ndiye wa kusema turudi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na picha ya mjukuu wangu nimeitazama mpaka macho yameniuma. Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kama ni sawa kuanza kutoka na mtoto ambaye hata miezi 2 hajafikisha, na kama mnaweza kupanda naye ndege mwezi ujao kwenda kwenye harusi ya shemeji yako. Yote mawili yanawezekana, ila kila moja lina masharti yake. Nakuandikia wewe, simwandikii mkwe wangu. Mwanamke aliyejifungua juzi akipokea barua ya mama mkwe kuhusu mtoto, huisoma kama ripoti ya mkaguzi hata ikijaa mapenzi namna gani. Wewe nimekuzaa, utanivumilia.

Kuna jambo watu hulizungukazunguka. Mtoto wa umri huo hatembei, anatembezwa. Macho yake huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani umbali wa uso wa anayemnyonyesha. Mpelekeni ufukweni, bahari haioni. Mpandisheni mlimani, bonde halioni. Anachokiona ni uso wa mama yake au wako, na uso huo ukiwa umekunjamana kwa uchovu, basi hayo ndiyo matembezi aliyoyapata siku hiyo. Kwa hiyo matembezi ni yenu nyinyi wakubwa, wala msione haya kukiri hivyo. Mama aliyejifungia ndani wiki nzima nzima, ananyonyesha usiku na mchana, anahitaji hewa, na anahitaji kusikia watu wakizungumza habari nyingine zaidi ya nepi. Hiyo ni sababu tosha ya kutoka. Ila ukishajua safari ni ya wakubwa, ujue pia kuwa mzigo wake ni wa wakubwa wote wawili.

Familia nyingi nimeziona zikitoka na mtoto mchanga, na mchezo huwa ni uleule: mama anafungasha, mama anamvisha mtoto, mama anakumbuka kofia, na baba kashika funguo, kasimama mlangoni akiuliza, "Bado tu?" Usiwe baba huyo. Mkoba wa mtoto uwe wako. Ufungashe usiku, maana asubuhi mtoto huwa na mipango yake. Nepi hesabu moja kwa kila saa 2 mtakazokuwa nje, kisha ongeza za akiba. Weka nguo kamili za kumbadilisha, na pamoja nazo blauzi moja ya mama yake na shati lako moja. Nguo za wakubwa ndizo husahauliwa, na mtoto akicheua hachagui bega. Weka kitambaa cha kumlaza wakati wa kumbadilisha, mfuko wa vilivyochafuka, kadi yake ya kliniki, na kipimajoto.

Kipimajoto usikidharau. Mtoto aliye chini ya miezi 3 joto lake likifika nyuzi 38, anapelekwa kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama anaonekana mchangamfu. Msimpe dawa ya kushusha homa halafu mkangoja kuona. Ndiyo maana kabla ya kufika popote mjue hospitali ya karibu iko wapi. Hiyo nayo ni kazi yako, na haichukui hata dakika 5.

Chakula hakina shida, kwa kuwa mkwe wangu ananyonyesha. Mpaka miezi 6 mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapewi, jua liwake vipi. Maziwa yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji. Siku ya joto atataka kunyonya mara nyingi zaidi, na anayetakiwa kunywa maji ni mama yake. Wewe hakikisha chupa yake ya maji haikauki. Mkiona nepi zilizolowa zinafika 6 au zaidi kwa siku, anashiba. Mahali pa kunyonyeshea mtafutie kiti chenye kivuli na cha kuegemea mgongo. Kama anataka kusitiriwa, atakwambia. Usimrushie kitambaa bila kuombwa. Wa kutazama watatazama, watachoka wenyewe.

Mkibeba maziwa yaliyokamuliwa, kwenye joto la kawaida la chumba yanakaa kwa muda usiozidi saa 4, na kwenye mkoba wa baridi wenye barafu yanafika saa 24. Akianza kunywa kwenye chupa, kilichobaki baada ya saa 2 mwageni. Najua yanauma kumwaga, hasa kwa aliyeyakamua, lakini mwageni.

Sasa joto, na hapa nitakuwa mkali. Utaona watu wanafunika kigari cha mtoto kwa shuka ili jua lisimpige. Hata shuka likiwa jepesi, hewa ndani husimama, joto hupanda haraka, na wewe unayesukuma huoni kinachoendelea. Usifanye hivyo. Mtafutie kivuli cha kweli, mvalishe kofia yenye ukingo mpana na nguo nyepesi za mikono mirefu, na kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri muwe mahali penye paa. Mafuta ya kukinga jua hayashauriwi kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa hiyo usidhani utapaka kisha uendelee. Ukitaka kujua kama amepata joto sana, mguse kifuani au kisogoni. Viganja na nyayo zake zitakudanganya, maana huwa na ubaridi hata mwili ukiwa na joto.

Na kwenye gari usimwache. Sisemi usimwache muda mrefu, nasema usimwache. Ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata moto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima. Kama unashuka kununua kitu, shuka naye, au kitu hicho kisubiri.

Kiti chake cha gari kielekee nyuma, kifungwe kiti cha nyuma. Kisikae kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado haina nguvu. Gari likisimama ghafla akiwa ametazama mbele, shingo hiyo ndiyo inayobeba kishindo chote. Akitazama nyuma, mgongo mzima hupokelewa na kiti. Mikanda ibane kiasi kwamba ukijaribu kuifinya begani usipate cha kukunja. Koti nene mvue kwanza, mfunge mikanda, ndipo umfunike kwa juu. Kila baada ya saa 2 simameni, mtoeni, mnyonyesheni, mnyoosheni mgongo. Na mkifika, hata kama amelala fofofo na mmemlaza kwa taabu, mtoeni humo mumlaze chali mahali palipo bapa na pagumu kiasi. Kiti cha gari ni cha safarini. Mtoto akiachwa alale amejikunja, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa bila yeye kutoa sauti. Wewe mwenyewe ulikuwa hulali mpaka injini ingurume, na baba yako alikuzungusha sana usiku, kwa hiyo kishawishi cha kukuacha humohumo tunakijua vizuri.

Mbeleko jifunze kuifunga nyumbani, mbele ya kioo, siyo kituoni watu wakikuangalia. Uso wa mtoto uonekane muda wote, kidevu kisiguse kifua, na akae juu kiasi cha wewe kuinamisha kichwa kidogo tu na kumbusu utosini. Magoti yake yawe juu kuliko makalio, miguu ikitanuka pembeni, ili nyonga zikue vizuri. Na ubebe wewe. Mgongo wa mkeo umeshabeba miezi tisa.

Lililonifanya nichukue kalamu ni hili la kurudi. Kwenye kila mtoko hufika wakati mtoto ametosheka. Mara ya kwanza halii. Anageuza uso kando, anapiga miayo, anakunja ngumi, anapata kwikwi, anakodoa macho mahali pamoja. Mama yake huziona dalili hizo kabla ya mtu yeyote. Lakini mama huyohuyo huona pia kuwa mazungumzo yamenoga, chakula hakijaletwa, na wewe unacheka na rafiki zako, naye hataki kuwa yule anayeharibu. Basi atakaa, atambembeleza, atasimama atembee naye, mpaka kilio kianze, na kikianza mtarudi nyumbani wote watatu mmenuna. Ndiyo maana nasema wewe ndiye wa kusema turudi. Mtazame mtoto, kisha mtazame mkeo, halafu simama useme kwa sauti ya kawaida kwamba mnaondoka. Usiseme "mtoto amechoka, mama yake anataka kwenda". Sema "tunaondoka". Lawama zikiwepo zikuangukie wewe, una mabega.

Hii itawasaidia pia kupanga. Siku moja iwe na jambo moja tu. Mkienda kumwona mgonjwa, msipitie dukani kisha kwa rafiki kisha kanisani au msikitini kwa sababu tu "tuko njia hiyohiyo". Anzeni na matembezi mafupi, ya kwenda na kurudi kati ya kunyonya mara moja na nyingine, muongeze kadiri mnavyozoea. Mtoko wa nusu saa uliokwisha vizuri utampa mkeo hamu ya mwingine. Mtoko wa kutwa ulioharibika unaweza kumrudisha ndani kwa mwezi mzima.

Watu watataka kumshika. Kwenye harusi watapanga foleni. Kunawa mikono ni lazima, na kumbusu usoni hakuna, hasa kwa mwenye mafua au kikohozi. Kifaduro kwa mtu mzima kinaweza kuonekana ni kikohozi tu kisichoisha, lakini kwa mtoto wa miezi 2 ni ugonjwa wa kulazwa. Gaweni kazi: kwa ndugu zake aseme yeye, kwa ndugu zetu useme wewe. Na mimi nikija na mafua, nirudishe mlangoni. Nitanuna siku moja, nitasahau. Muziki nao ukiwa mkubwa kiasi kwamba inabidi upaze sauti kumwambia neno mtu aliye karibu nawe, basi ni mkubwa mno kwa masikio yake. Kaeni mbali na spika, au mumtoe nje. Usiku mkishalala ugenini, msimlaze kwenye kochi na msisinzie naye hapo, hata kwa dakika chache. Mzazi aliyechoka na kochi laini ni hatari kubwa kwake.

Kuhusu ndege. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asisafiri kwa ndege ndani ya saa 48 za mwanzo, na ni bora afikishe siku 7. Nyinyi mmeshapita huko, na kwa kuwa alizaliwa kwa wakati wake na mapafu yake hayana tatizo, sioni kizuizi, ila mwambieni daktari wenu kabla. Mashirika ya ndege yana kanuni tofauti za umri na barua ya daktari, kwa hiyo soma za hilo mtakalopanda. Mtoto wa chini ya miaka 2 anaweza kupakatwa, na kwenye safari za kimataifa nauli yake mara nyingi huwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Kwa kuwa mnavuka mpaka, anahitaji pasipoti yake mwenyewe, siyo jina ndani ya pasipoti ya mama. Anza leo, maana kumpiga picha mtoto mchanga akiwa amefumbua macho na hakuna mkono wa mtu unaoonekana ni kazi ya mchana mzima. Na kama wewe utatangulia na mkeo afuate na mtoto peke yao, mwandikie barua ya idhini yenye saini yako. Maofisa wa mpakani huweza kuiuliza.

Masikio ndiyo yatakayomsumbua. Yeye hajui kumeza mate kwa makusudi ili yazibuke, kwa hiyo anyonye ndege inapopaa na inapoanza kushuka. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, mapema kuliko tangazo la kufunga mikanda, basi muulize mhudumu. Akilia pamoja na hayo yote, alie. Kila aliyemo ndani ya ndege hiyo aliwahi kuwa mtoto.

Kabla hujalipa tiketi, wapigie simu uulize kama kuna kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya viti. Huwa ni vichache, vina kikomo cha uzito, na hupewa aliyeomba mapema. Na ile chanjo ya wiki ya 6, kama mlikuwa mnaichelewesha kwa sababu ya mihangaiko, mpelekeni wiki hii, msingoje harusi ipite.

Mama yako