Mtoto wetu wa mbwa haishi kuomba chakula. Nimwamini yeye au mizani?

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nina mtoto wa mbwa dume wa miezi 4, tunamwita Jimi. Tangu tulipomchukua, hakuna saa anayokuwa macho asiombe chakula, na sasa jambo hili limeigawa nyumba yangu. Naomba ushauri wako.

Bakuli lake halimalizi dakika moja. Akishalimaliza hulilamba huku akilisukuma mpaka ukutani, kisha hunifuata. Hukaa mbele yangu akinikodolea macho, huniwekea mguu gotini, huanza kulialia, na nisipojali hubweka. Nikimpuuza huenda kwa mume wangu, kisha kwa watoto, kisha kwa mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Hata akiwa amelala fofofo, kabati la jikoni likilia tu huyo amefika. Akitoka nje hutafuna karatasi, majani, udongo, chochote kinachoingia mdomoni.

Kilichonifanya niandike ni hiki: juzi alimrukia binti yangu mdogo akampokonya mkate mkononi. Meno yalimparuza vidoleni. Ngozi haikuchanika, namshukuru Mungu, lakini sasa mtoto anakula amepandisha miguu juu ya kiti. Sitaki binti yangu amwogope mbwa wake, wala sitaki Jimi akue akiamini kwamba mkono wa mtoto ni sahani yake.

Najua utaniuliza kama ana minyoo, nami nilianzia hapo hapo. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba minyoo ya mviringo humwingia mtoto wa mbwa angali tumboni mwa mama yake, na mingine huja na maziwa. Ndiyo maana dawa hutolewa mapema, kila wiki 2 hadi afikishe miezi 3, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Jimi amefuata ratiba hiyo, na kinyesi chake kilipopimwa kilikuwa safi. Haharishi, hatapiki, hanywi maji kupita kiasi, na manyoya yake yanang'aa. Hatumii dawa yoyote ya kuongeza hamu ya kula.

Daktari alinifundisha pia kumpapasa mbavu. Ukilaza vidole ubavuni unazihisi bila kukandamiza; ukimtazama kwa juu kiuno kinaonekana; ukimtazama kwa upande tumbo limepanda kidogo kuelekea miguu ya nyuma. Kwenye kipimo cha unene, ambapo 1 ni aliyekonda mno na 9 ni aliyenenepa mno, alimpa 5, yaani kiasi kinachofaa, na uzito wake unapanda taratibu bila kuruka wala kusimama. Anakula chakula kikavu cha watoto wa mbwa. Nakipima kwa mizani ya jikoni, maana kikombe hudanganya, na kiasi cha siku nzima nakigawa milo 3. Kwa hiyo vidole vyangu vinaniambia ameshiba, macho yake yananiambia ana njaa.

Hapo ndipo mama mkwe anaponishinda. Yeye huniambia, "Mwanangu, mtoto anayekua hapimiwi chakula," na humpa tonge kutoka kwenye sahani yake. Anafanya hivyo kwa upendo, na siwezi kusema hoja yake haina msingi. Mtoto wa mbwa anayekua kwa kasi huhitaji karibu mara 2 ya nguvu ya chakula anayohitaji mbwa mzima kwa kila kilo ya mwili. Kuna wiki Jimi hurefuka ghafla, nami hulala nikijiuliza kama namnyima. Basi swali langu la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni hili: nitaijuaje siku anayohitaji kweli kuongezewa? Nisubiri mbavu zianze kujitokeza, au kuna dalili ya mapema zaidi? Na nikiongeza, niongeze kiasi gani kwa mara moja?

Nauliza kwa uangalifu kwa sababu naogopa upande wa pili pia. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni hadi kufa. Waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao waliishi karibu miaka 2 zaidi, na matatizo ya viungo yaliwachelewa. Mama yake Jimi alikuwa na sura ya Labrador, ingawa baba hajulikani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba takriban Labrador 1 kati ya 4 amepungukiwa kipande cha jeni iitwayo POMC, ile inayosaidia ubongo kujua kwamba mwili umeshiba. Kama Jimi amerithi hilo, basi huenda haigizi, huenda njaa anaihisi kikweli ingawa mwili hauna upungufu. Wazo hilo linaniumiza. Je, mbwa wa namna hiyo hulishwa kwa njia tofauti, labda chakula kilekile kikigawanywa mara nyingi zaidi?

Vyakula vya mezani navyo vina hatari zake. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hivyo viko karibu katika kila kinachopikwa nyumbani. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Hili mama mkwe amelielewa, mifupa ameacha. Tonge hajaacha.

Kuhusu mafunzo, nimeona mwanga kidogo. Asubuhi namtawanyia sehemu ya chakula kwenye nyasi akitafute kwa pua. Jioni nakitia ndani ya mpira wenye tundu, akiusukuma punje zinadondoka moja moja. Badala ya dakika moja anatumia robo saa, na baada yake hulala ametulia. Nimemfundisha pia kulala kwenye mkeka wake tunapokula, nikimtuza kwa punje nilizozitoa kwenye mgao wake wa siku. Tukiwa wawili tu, mimi na yeye, anakaa vizuri mno. Tukiwa mezani sote, mkeka anausahau na kwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mama.

Sababu yake naiona. Anayepewa mara moja moja hujifunza kutokata tamaa kuliko anayepewa kila mara. Kisha tukikubaliana kumnyima kabisa, kuomba hakupungui mwanzoni, kunazidi: analia, anabweka, anakwaruza kiti, mpaka mmoja wetu anampa. Kila mara tunavunjikia hapo hapo. Tutarajie hali hiyo ya kuzidi idumu kwa muda gani kabla haijaanza kushuka? Na je, nikimweka chumba kingine wakati wa chakula, nitakuwa namsaidia au namwongezea hamu?

Nimefikiria njia moja ya kati na ningependa maoni yako. Sitaki mama mkwe anyang'anywe furaha ya kumpa kitu. Ni mtu mzima, na huyu mbwa ndiye anayeshinda naye mchana kutwa. Nataka nimwekee kopo dogo lenye punje za mgao wa Jimi, awe anampa yeye mwenyewe, ila tukishaondoa vyombo na mbwa akiwa mkekani. Nimesoma kwamba vitafunio visizidi sehemu 1 kati ya 10 ya chakula cha siku, na punje hizo hazitaongeza kitu kwa sababu tayari zimepimwa. Je, Jimi ataweza kutofautisha, au kwake mkono wa mama utabaki mkono wa mama, mezani na popote?

Mwisho ni binti yangu. Jimi hangurumi nikisogelea bakuli lake, na hukubali nilichukue. Ni chakula kilicho mkononi mwa mtoto tu ndicho kinachomtoa akili. Nimfundishe mtoto afanye nini anapomwona anakuja mbio, na nianze vipi kuwakutanisha tena bila hofu?

Akifika miezi 6 wengi hushauri milo ipunguzwe kutoka 3 hadi 2. Kwa mbwa huyu nasita kufanya hivyo, na ningeshukuru kupata jibu lako kabla ya wakati huo.

Wako katika kutafuta msaada,
Mama wa watoto wawili na Jimi