Marekebisho ya mabango ya meza ya Waabenaki

Habari zenu wote. Kabla ya kuchapa mabango ya Waabenaki, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, naomba turekebishe haya.

Futeni "kabila lililotoweka". Odanak na Wôlinak, jamii zao mbili huko Quebec, Kanada, zina wenyeji hadi leo, na jumba lao la makumbusho la Odanak lipo tangu 1965. Jimbo la Vermont, Marekani, lilitambua makundi manne ya Waabenaki mwaka 2011 na 2012. Odanak inapinga utambuzi huo. Tuandike yote mawili, tusiamue kesi ya watu.

Ile ô ya "Wôlinak" hutamkwa puani. Msiiondolee kofia.

Kwenye vikapu, acheni kuandika "ukindu". Ni chane za mti wa eshi mweusi. Gogo bichi huondolewa gamba, kisha hupondwa kwa kisogo cha shoka, urefu wote, mpaka pete za ukuaji wa kila mwaka ziachane. Gogo likikauka, pete hung'ang'ana. Chane hukwanguliwa, hukatwa kwa upana sawa, na hulowekwa kabla ya kusuka. Zikiwa kavu hupasuka kwenye kona. Nyasi zile zenye harufu nzuri ni za pambo na ukingo.

Tutaje pia mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya eshi: mabuu yake hula chini ya gamba, mti hukosa maji na kufa. Husafiri ndani ya kuni, kwa hiyo wenye kuchoma nyama, kuni zinunuliwe hapohapo zitakapochomwa.