Kwa Baba Mkubwa, kuhusu ada ya Mwanaidi

Malmö, Uswidi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama Mkubwa na wote wa Chumbageni. Sisi huku hatujambo; baridi imeanza, watoto wanakwenda shule, na mengine ni ya kawaida. Nimeona niandike barua kamili kwa sababu neno ulilolitoa katika kundi la familia halijibiki kwa ujumbe wa sauti, tena mbele ya vijana wa juzi waliokuwa wakicheka.

Ulisema Mwanaidi asiende Muhimbili kusomea ubingwa wa radiolojia, yaani udaktari wa kusoma eksirei na picha nyingine za ndani ya mwili, kwa kuwa akili mnemba itazisoma picha zote na madaktari wa fani hiyo watabaki kukaa vibarazani, na kwamba fedha nilizomwekea za ada zingefaa zaidi kununulia Fuso la mchanga. Kilichoniuma ni kuwa ulisema kabla ya kuniuliza, ilhali katika ukoo wetu mzima ni mimi ninayeshinda na mashine hizo. Sijisifu, ingawa Mungu anapomjalia mtu sioni ubaya wa kusema: leseni ya hapa nimeipata kwa mtihani wa lugha yao wenyewe, na tangu mwaka jana mimi ndiye msimamizi wa zamu katika kitengo cha eksirei za matiti, na ninaowapangia kazi wengi wao wamezaliwa hapa hapa.

Yule mzee wa kwenye video uliyotutumia ni Geoffrey Hinton. Mwaka 2016 alisema kwamba watu waache mara moja kuwafundisha wataalamu wa radiolojia, kwa maana ndani ya miaka mitano mashine ingewashinda. Ni msomi mkubwa wa akili mnemba, na mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lakini miaka mitano ile ilikwisha 2021, na hospitali za huku bado zinawatafuta madaktari hao kwa udi na uvumba. Mwenyewe baadaye alikiri kwamba alizungumza kwa ujumla mno, na kwamba alikosea muda ingawa hakukosea mwelekeo. Maneno hayo ya baadaye hakuna aliyetuletea kwenye kundi.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Jimbo hili la Skåne ndiko ulikoanzia mwaka 2021 utafiti mkubwa wa kutumia akili mnemba katika kupima saratani ya matiti. Kwa desturi ya hapa kila picha ilisomwa na madaktari wawili. Katika utafiti huo mashine iliipa kila picha alama kuanzia 1 hadi 10; nyingi zikasomwa na daktari mmoja tu, na zile za alama ya juu kabisa ndizo zikapewa wawili. Matokeo ya kwanza, yaliyohusu wanawake zaidi ya 80,000, yalitoka 2023: kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa zikawa kama 6 katika kila wanawake 1,000, wakati kwa njia ya zamani zilikuwa 5. Kwa hiyo kazi imepungua kweli, Baba Mkubwa, lakini iliyopungua ni ya kusoma. Bado yupo anayepaswa kumpima mama kwa ultrasaundi, kuchukua kinyama kwa sindano, kubishana na daktari wa upasuaji kuhusu ukubwa wa uvimbe, kisha kutia saini na kuulizwa endapo amekosea.

Wiki iliyopita mashine iliipa alama ya juu picha ya mama mmoja kwa sababu ya chembe nyeupe karibu na kwapa, mfano wa chumvi iliyomwagika. Daktari aliikuza, akaitazama kimya, kisha akaniuliza kama mama yule alijifuta kwapa kabla ya kupigwa. Kumbe alikuwa amepaka diodoranti, ambayo alumini yake huonekana nyeupe kwenye eksirei. Alinawa, tukampiga upya, na chembe hazikuwapo tena.

Hofu yako najua inatoka wapi. Ulikuwa karani wa shamba la mkonge, na uliona kamba za plastiki zikiangusha zao lililotoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Aliyeona nyumba za vibarua zikibaki tupu Korogwe ana haki ya kuogopa kila kitu kipya. Ila kamba ya plastiki ilifunga mzigo uleule uliofungwa na mkonge, na mnunuzi hakuhitaji zaidi ya hapo; daktari wa picha anahitajika kwa mengi zaidi ya kusoma. Pia fikiria hali ya nyumbani: huku mashine imempunguzia kazi daktari wa pili, wakati kwetu yuko wapi hata huyo wa kwanza? Bibi Mwanahamisi alikaa na picha yake chini ya godoro mpaka akapatikana mtu wa kuisoma, na sote tunakumbuka alikuwa amekwisha kuchelewa kiasi gani.

Linaloninyima usingizi mimi ni lingine. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Poland kuhusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya kuzoea kusaidiwa na mashine, walipofanya kazi bila mashine waligundua vivimbe vya hatari kwa asilimia 22.4 ya wagonjwa, ilhali kabla ya mashine kuletwa walivigundua kwa asilimia 28.4. Hao ni wazoefu. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kusoma picha peke yake atakuwaje? Ndiyo maana nataka Mwanaidi asome sasa, kwa walimu waliojifunza kwa macho yao, na nimemwambia awe anaandika jibu lake kabla ya kufungua la mashine.

Ada ya mwaka wa kwanza nitailipa moja kwa moja chuoni, hivyo naomba usimdai risiti. La Fuso sijalikataa. Tutalizungumza nikija Idd, mbele ya sahani ya bada ya muhogo na samaki, maana huku hata muhogo wenyewe tunauziwa ukiwa umegandishwa. Na katika kundi naomba uandike wewe mwenyewe kwamba Mwanaidi anakwenda Muhimbili. Nikiandika mimi, watasema nimekuvunjia heshima.

Mwanao,
Zuhura