Matangazo ya viwanja vya pwani yataje maji, njia na hati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie matangazo ya viwanja vya kando ya bahari kuelekea Mikindani, ambayo huwaahidi wafanyakazi wa Mtwara mjini upepo mwanana na safari ya dakika 15 kwenda kazini.

Mwaka 1916 huko Uingereza, Charles Neville aliendesha shindano magazetini la kuupa jina mji aliokusudia kuujenga juu ya majabali ya Sussex, mashariki ya Brighton. Jina lililoshinda, New Anzac-on-Sea, halikudumu, na mwaka uliofuata mji ukaitwa Peacehaven, yaani kimbilio la amani. Ugomvi, hata hivyo, haukuwa juu ya jina. Washiriki wengi walioshindwa waliarifiwa kuwa wamepata kiwanja cha bure, kama kifuta machozi, ilimradi walipe gini 3 (fedha ya zamani ya Kiingereza) za kuandikishiwa hati. Gazeti la Daily Express liliuona mpango huo kuwa ni ulaghai, likawasaidia wasomaji kudai fedha zao, na mabishano ya kisheria kati yake na Neville yakafika mwaka 1919 hadi Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu ya rufaa nchini humo.

Ninaikumbuka habari hiyo kwa sababu gazeti ndilo lililobeba tangazo, na gazeti ndilo lililowatetea waliolisadiki.

Mimi nililisadiki langu mwaka 2012, wakati habari za gesi zilipopandisha bei ya ardhi huku kwetu. Dakika 15 zilizotajwa zilihesabiwa kwa gari binafsi kuanzia barabara kuu. Kutoka kiwanjani hadi barabarani ni nusu saa ya kutembea mchangani, na masika watoto hufika shuleni wamelowa. Maji tulinunua kwa dumu. Lililoniuma zaidi ni kuambiwa na ofisa ardhi kwamba eneo lile lilikuwa bado ardhi ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kwamba karatasi niliyopewa na muuzaji kwa jina la hati haikuwa hati.

Siwakatazi watu kuhamia pwani, kwani Mikindani ni pazuri na nauli ya daladala hadi mjini inabebeka. Ombi langu ni kwamba gazeti lako lisipokee tangazo la kiwanja lisilotaja namba ya kiwanja na kitalu, namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, umbali kwa kilomita hadi kituo cha daladala, na mahali maji yanapopatikana. Mistari minne inatosha, na muuzaji mwenye kiwanja halali hatashindwa kuijaza.

Tangazo lililonivuta nimelihifadhi pamoja na risiti zake, nami nipo tayari kuyaleta yote ofisini kwenu.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara