Barua kwa binti yangu anayeanza kazi ya uhakimu

Mwanangu Mwanasha,

Nimesikia kwa kakako, si kwako, kwamba umepangiwa korti ya Garsen, kule Tana River, na Jumatatu unaripoti. Hongera sana. Mama yako ameshatangaza mtaa mzima. Mimi nina neno moja, na nitalirudia hata likuchoshe: usimfunge mtu kabla hujasoma ripoti ya afisa wa probesheni, yule anayechunguza maisha ya mkosaji kabla ya hukumu.

Nilipoingia kazi ya uaskari jela, adhabu ilikuwa maumivu, basi. Korti ikiamuru viboko, sisi ndio tuliochapa, daktari kasimama kando kuthibitisha kuwa mwili utastahimili. Viboko hivyo vilifutwa Kenya mwaka 2003. Kabla yake, 1998, ilikuja sheria ya huduma kwa jamii: anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 aweza kupanda miti au kukarabati shule bila malipo, na jioni akalala kwake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikakataa jaji alazimishwe kumhukumu kifo kila aliyeua, hata iwe amejitetea vipi. Na mwongozo wa hukumu wa 2016 ulitaja malengo 6: kulipiza lilikuwamo, kurekebisha tabia lilikuwamo, hata mkosaji kusaidia kuponya hasara ya aliyekosewa. Haya umeyasoma kuliko mimi. Kuyakumbuka faili zikijaa mezani na karani anakuharakisha, hapo ndipo ninapokuhofia, maana una haraka tangu utotoni.

"Miezi 6" huandikwa mara moja. Sisi langoni tulimpokea kijana aliyeiba kuku, akavua shati lake, akavaa sare ya milia, akalazwa bega kwa bega na majambazi wa bunduki. Alichojifunza humo hakikuwa useremala peke yake. Na mwenye kuku hakurudishiwa kuku. Naye muulize anataka nini, usimwache nje ya mlango kama shahidi aliyemaliza kazi.

Ukifika, ujue kama afisa wa probesheni ana usafiri. Mto Tana ukifurika, vijiji vingine havifikiki na ripoti itachelewa. Ingoje, mwanangu. Wakikulaumu kwa kuahirisha, waache walaumu.

Chukua chandarua, mbu wa huko si wa mchezo. Hela uliyotuma tumenunulia mabati ya jikoni, ila fundi bado anadai salio lake na kakako hapokei simu zangu. Zungumza naye wewe.

Babako