Kumwahi Mtoto: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, walimu, wazazi na walezi,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na uchaguzi utafuata utaratibu wa katiba yetu. Mimi nitaeleza uamuzi mmoja tu, kwa kuwa ndio uliotugawa mwaka huu, na kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza, tena kwa haki kabisa, kwa nini fedha zilizokusudiwa kujenga chumba cha pili cha darasa katika nasari yetu hapa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, zilitumika kuwatembelea majumbani watoto ambao hawajafikia hata umri wa kuingia nasari.

Naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba shule ya watoto wadogo ilianzishwa ili mtoto atangulie wenzake katika kusoma na kuhesabu. Haikuwa hivyo. Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg nchini Ujerumani, aliwapa watoto mipira ya sufi, vipande vya mbao na vitalu vya bustani, akaamini kwamba mchezo ndio kazi yao. Maria Montessori alikuwa daktari, na kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto mtaani San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, alikuwa amefanya kazi na watoto waliohesabiwa kuwa hawafundishiki. Rachel na Margaret McMillan walianza na kliniki huko Deptford, London, wakaona watoto waliotibiwa wakirudi na maradhi yaleyale, na ndipo walipofungua shule yao ya hewa wazi mwaka 1914. Kwa Montessori na akina McMillan, kazi ilianza na mtoto aliyekuwa ameachwa nyuma, ikauliza ni kitu gani amekikosa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Mombasa. Katika miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Waislamu huko walimwomba Aga Khan awasaidie, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni. Matunda yake yalikuwa shule za awali zilizofungamana na madrasa, zenye nyimbo za Kiswahili, vifaa vilivyookotwa mazingira yaleyale na walimu wanawake waliotoka mitaa ileile. Mpango huo ulifika Zanzibar, na katika miaka ya 1990 ukafika Uganda. Baadhi ya nyimbo tunazoimba na watoto wetu kila asubuhi zina asili hiyo, na naona fahari kulisema hilo.

Serikali yetu ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, ikafungua milango kwa mamilioni ya watoto, lakini shule ya awali ikabaki nje ya mlango huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliitambua kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, ila uendeshaji wake ukaachiwa watu na mashirika binafsi, na gharama zikabaki kwa mzazi. Mzazi anayelipa hutaka kuona anacholipia, na kinachoonekana upesi ni daftari lililojaa herufi. Ndiyo maana mtoto wa miaka 4 anapewa mtihani wa mwisho wa muhula. Kisha shule zikafungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022, na watoto waliokuwa na miaka 3 walitufikia wakiwa karibu na miaka 5, hawajawahi kukaa duara moja na wenzao.

Wanachama waliopinga uamuzi wa kamati walitaja utafiti wa shule ya Perry, na walifanya vyema kuutaja. Ulianza mwaka 1962 mjini Ypsilanti, Marekani, kwa watoto 123 wa familia maskini, ambao sehemu yao walipata shule ya awali na wengine hawakupata. Walipofikia miaka 40, waliosoma shule ile walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi na walikuwa na kipato bora zaidi, ingawa ziada yao katika vipimo vya akili ilikuwa imefifia mapema. Lakini tunasahau jambo moja: walimu wa Perry walikwenda pia nyumbani kwa kila mtoto kila wiki, wakaketi na mama yake.

Huko Jamaika, kuanzia mwaka 1986, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Wahudumu wa afya wa mitaani waliwatembelea baadhi yao saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vifaa vilivyotengenezwa kutokana na vitu vilivyotupwa. Baada ya miaka 20, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25, ilhali lishe ya ziada peke yake haikuacha faida ya kudumu. Kwa nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, habari hiyo inatuhusu sana.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwezi wa sita nilifuatana na mlezi wetu mmoja, yaani mmoja wa wanaowatembelea watoto majumbani kwa niaba ya chama, hadi Masese, kwa mama anayeanika mukene, yaani dagaa. Mwanawe, wa miaka miwili na nusu, alikuwa mkekani akipanga vifuniko vya chupa. Mlezi alitikisa kopo lenye punje za mahindi nyuma ya kichwa chake, mtoto hakugeuka. Akalitikisa karibu na sikio moja, kisha la pili. Vifuniko viliendelea kupangwa. Mama alisema mtoto ni mkaidi tu, na kwamba kwenye kituo kimoja cha afya aliambiwa asubiri, kwani wavulana huchelewa kusema. Tena husikia, akasema, maana jioni pikipiki ya baba ikifika hukimbilia mlangoni. Mlezi aliuliza taa ya pikipiki hupiga wapi. Mama alinyamaza, akaelekeza kidole ukutani, mbele ya mkeka.

Mtoto yule amepimwa, na hasikii karibu chochote. Leo mama na dada yake wanajifunza lugha ya alama, na yeye tayari anaomba maji na kumwita dada yake kwa mikono. Angetufikia akiwa na miaka 4, hana lugha yoyote, nasi tungemwandika kuwa mtundu. Wazee husema udongo uwahi ungali maji, na darasa zuri la matofali haliwezi kumwahi mtoto ambaye hatujui kwamba yupo.

Kazi hii haikukosa kasoro. Wakati wa mvua nyumba kadhaa hazikufikiwa kwa majuma mengi, na walezi wawili waliacha kwa kuwa nauli ya boda boda waliitoa mfukoni mwao. Lawama hiyo ni yangu, kwani bajeti niliyoisaini haikuwa na fungu la nauli.

Kamati inaomba mambo mawili: nauli ya walezi iingizwe katika bajeti ya mwaka ujao, na mitihani ya maandishi kwa watoto wa chini ya miaka 6 ikomeshwe katika shule yetu. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina. Mlezi niliyemtaja yupo ukumbini, safu ya pili, na kopo lake amekuja nalo. Yuko tayari kumwonyesha yeyote namna ya kulitumia.