Jumamosi tunamkumbuka Mzee wetu

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani, Marangu, kwa ibada ya kumkumbuka Mzee. Mama ameomba jambo moja tu: kila mmoja aje na neno lake kumhusu, hata liwe fupi.

Mimi naanza. Mzee aliingia mlimani Kilimanjaro akiwa mgumu, yaani mpagazi, kilo 20 kichwani, kambi ya Mandara, Horombo hadi Kibo, ndipo baadaye akawa mwongozaji. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, alifika mara nyingi hadi akaacha kuhesabu. Lakini mimi namkumbuka zaidi akiwa ameshuka. Siku sita mlimani, miguu imevimba, na kesho yake alfajiri unamkuta kwenye mfereji anageuza maji yaende kwenye migomba, wanawe nyuma yake na majembe. Ndani ya nyumba hakukaliki kwake. Hata uji aliunywea nje, chini ya mringaringa, akikitazama kilele cha Mawenzi. Na mabinti zake aliwapeleka Mandara mwenyewe, mmoja mmoja, kila alipofikisha miaka kumi.

Mliokwisha kuchanga, asanteni sana. Bado tunatafuta turubai na viti. Mwenye gari kutoka Moshi mjini aniambie, kuna wazee wanne wa kuwapitia.

Mwenye picha yake aitume hapa kabla ya Alhamisi. Ni chache mno, maana kule kileleni yeye ndiye aliyekuwa akiwapiga wengine picha.